Utando wangu wa kukinga kano umepungua uzito 22% ndani ya wiki moja. Unaoza, au nimekosea mahali?

KijanaWaIyunga:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Niko Iyunga, Mbeya, mwaka wa mwisho wa kemia. Mradi wangu ni wa polima zinazoyeyuka zenyewe mwilini, na nimekwama. Mwalimu anayenisimamia ameniambia kwa uwazi kwamba hapa nitafute mtu aliyewahi kuzishika kwa mikono yake.

Nieleze kwanza kilichonifikisha huku. Kaka yangu alikuwa anafanya kazi kwenye dingdong ya kupasua mbao kule Mufindi. Mwezi wa kwanza mwaka huu msumeno ulimpitia kiganja cha kulia, ukakata kano za kukunja kidole cha shahada na cha kati. Alishonwa, kidonda kikapona vizuri, kovu limebaki jembamba kama uzi. Lakini vidole havikunji. Kano imeunga, ila imegandamana na nyama zinazoizunguka. Akijaribu kufumba ngumi, ngozi ya kiganja ndiyo inayovutwa ndani, inafanya kishimo. Nimekaa naye kibarazani nikakishika kile kiganja kwa vidole vyangu viwili wakati anavuta: unaisikia kamba inakaza chini ya ngozi, halafu haiendi popote. Ana miaka 31 na watoto wawili.

Wazo langu ni utando mwembamba wa kuizungushia kano ikishashonwa. Uitenge na nyama za jirani wakati inaunga, halafu upotee wenyewe bila mtu kufunguliwa tena. Nimechagua polima ya gliserini na asidi sebasiki, ile iliyotangazwa mwaka 2002 na Yadong Wang, Robert Langer na wenzao kule Marekani. Inavutika kama mpira, na malighafi zake mwili unazifahamu. Gliserini nimenunua duka la dawa Mwanjelwa. Asidi sebasiki nimeagiza Dar, imenigharimu karibu boom (posho ya mkopo wa chuo) lote la mwezi.

Nilichofanya: gliserini gramu 9.2, asidi sebasiki gramu 20.2, kwenye trei, oveni ya kawaida nyuzi 120, saa 60 kwa jumla kwa sababu umeme ulikatika mara mbili. Pampu ya ombwe sina. Mchanganyiko ulipungua gramu 3.2. Nikapata karatasi ya rangi ya asali, unene milimita 0.5, inanata kidogo ukiigusa, katikati ina viputo.

Kwa kupima kuoza, inkubeta ya maabara yetu ni mbovu, hivyo nimeazima mashine ya kutotolesha vifaranga kwa jirani, maana yenyewe inakaa nyuzi 37.5. Nimeweka vipande kwenye chupa zenye bafa ya fosfeti ya pH 7.4 (maji yenye chumvi za kuzuia kiwango cha asidi kisibadilike haraka), kila wiki natoa, nakausha, napima. Matokeo:

Wiki ya 1 umepungua 22%. Wiki ya 2 umepungua 2% nyingine tu. Wiki ya 3 tena 2%. Na bafa, ambayo sikuwa naibadilisha, imeshuka hadi pH 5.6.

Nguvu nimepima kienyeji. Kipande cha upana wa milimita 10 nakibana juu, chini naning'iniza chupa, namimina maji polepole mpaka kikatike. Kimekatika kwenye gramu 90 pamoja na chupa.

Swali langu: kama unapoteza robo ya uzito kwa wiki moja, hautafika mwezi. Niongeze joto? Niongeze asidi? Au nihamie polima nyingine kabisa? Naombeni msaada wa kweli, nina wiki saba tu za kumaliza.

—

Mwaisela_88:

Hongera mdogo wangu, na pole kwa kaka. Mimi si mkemia ila nauliza: asidi sebasiki si inatoka kwenye mafuta ya nyonyo? Huku kwetu Rungwe mibarika inaota mpaka kwenye majalala. Usinunue Dar, tengeneza mwenyewe.

—

MkulimaMkemia:

Mwaisela, ni kweli inatoka kwenye nyonyo, lakini mafuta hayo hupasuliwa kwa magadi makali ya kiwandani kwenye joto la zaidi ya nyuzi 250, na mbegu yenyewe ina sumu kali. Kijana asijaribu hilo chumbani kwake. Aendelee kununua.

Sasa nikujie wewe, kijana wangu. Nimefanya kazi ya polima zaidi ya miaka ishirini kabla sijarudi Njombe kwenye maparachichi, na kosa hili nimelifanya mwenyewe na nimewaona wanafunzi wakilifanya kila mwaka. Utando wako haujaoza. Umefuliwa.

Tazama namba zako mwenyewe. Kitu kinachooza hakipotezi 22% wiki ya kwanza kisha kikatulia kwenye 2%. Kuoza huku ni maji kukata vifungo vya esta, vile vinavyoshikanisha asidi na gliserini, kimoja kimoja, na kazi hiyo haina haraka ya siku saba halafu ikachoka. Kilichotoka wiki ya kwanza ni vitu ambavyo havikuwahi kufungwa. Umeshawahi kusimama Matema wavuvi wakivuta wavu alfajiri? Wavu ni nyuzi zilizofungana kwa mafundo. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, waliomo ndani wanaongeza uzito, lakini si sehemu ya wavu. Ukiuzamisha na kuutikisa, usipa wanatoka, wavu unabaki. Karatasi yako ina wavu na ina usipa: minyororo mifupi ya gliserini na sebasiki iliyolala kwenye matundu bila kushikwa na fundo lolote. Ndiyo hiyo hiyo inayonata kidoleni. Ndiyo hiyo iliyoshusha pH yako, maana ncha zake nyingi bado ni asidi.

Kwa nini usipa ni wengi hivyo? Hesabu ipo kwenye trei yako. Gramu 9.2 za gliserini ni mole 0.1 (mole ni kipimo cha idadi ya molekuli), na gramu 20.2 za sebasiki ni mole 0.1. Sebasiki ina mikono miwili, kila mkono ukishika mkono wa gliserini inatoka molekuli moja ya maji. Kazi ikikamilika kabisa maji yote ni mole 0.2, yaani gramu 3.6. Wewe umepoteza 3.2, sawa na 89%. Na hapo nimechukulia kwamba kilichopaa chote ni maji. Gliserini nayo hupaa kidogo kwenye joto hilo, hivyo hali yako halisi iko chini ya hapo. Sasa, kwa hesabu alizoziweka mkemia Paul Flory miaka ya 1940, kwa uwiano wako wa moja kwa moja wavu unaanza tu kuzaliwa pale takriban 87% ya mikono ya asidi inaposhika. Chini ya hapo una uji mzito, hata uukaushe vipi. Kwa hiyo wewe uliufungua mlango wa oveni wavu ndio kwanza unaanza kushikana. Unaonekana mpira, unavutika, lakini mafundo yake yanahesabika.

Ndiyo sababu gramu 90 zilikukatia kipande. Upana milimita 10, unene 0.5, eneo la milimita za mraba 5, hiyo ni kama megapaskali 0.18 (nguvu kwa eneo). Waliotangaza polima hii walipata zaidi ya 0.5, na ilivutika zaidi ya mara mbili na nusu ya urefu wake kabla ya kukatika.

Fanya hivi kabla ya kubadilisha chochote. Chukua kipande kikavu, kipime, kizamishe kwenye ethanoli safi saa 24, badilisha ethanoli mara tatu. Kitavimba, usishtuke. Kausha taratibu, kwanza kwenye hewa, halafu nyuzi 40, mpaka uzito usimame. Ukikausha kwa pupa kitapasuka. Tofauti ya uzito ndiyo kiasi cha usipa. Kama itakuwa karibu na ile 22% yako, mjadala wa kuoza umekwisha, na unaanza upya na utando uliofuliwa.

Halafu irudishe kazi kwenye oveni, muda zaidi, si joto zaidi. Ukipandisha sana utaichoma na kuipaisha gliserini. Maji ndiyo yanayokuzuia: yakibaki ndani yanakata vifungo vilevile unavyofunga, na viputo vyako ni maji yaliyokosa njia. Mimina nyembamba zaidi, hata milimita 0.3, yapate kutoka. Kuhusu ombwe, mafundi friji wa hapo Mwanjelwa wana pampu nzuri, muombe mmoja. Ila weka mtego wa barafu katikati ili mvuke usiingie kwenye oili ya pampu ya watu, na tumia chombo kinene cha chuma. Chupa ya kioo chembamba ikiwekwa kwenye ombwe hupasukia ndani.

Unaweza pia kuongeza sebasiki. Gliserini ina mikono mitatu na sebasiki miwili, kwa hiyo ukiweka gramu 30.3 za sebasiki kwa 9.2 zile zile, mikono inalingana na wavu unazaliwa mapema, karibu 71%. Utapata kitu kigumu zaidi, chenye mafundo mengi, maji yanapenya kwa shida. Lakini kwa kano mimi nisingekimbilia huko. Kinachozunguka kano kinatakiwa kiteleze na kujikunja nayo.

Jambo la mwisho na ndilo kubwa. Ile 2% yako kwa wiki inakaribiana sana na walichopata wenyewe: siku 60 kwenye bafa, polima yao ilipungua 17% tu. Lakini walipoiweka chini ya ngozi ya panya, siku 60 hizo hizo ilikuwa imekwisha yote. Mwili una vimeng'enya vinavyokata esta, bafa haina. Kwa hiyo shida yako siyo kwamba utando hautafika mwezi kwenye chupa. Utafika na kupita. Swali ni utafika siku ya ngapi kwenye mkono wa mtu, na chupa ya bafa peke yake haitakujibu hilo. Tafuta laipesi, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, hata kidogo, uiweke kwenye baadhi ya chupa. Na uniambie kwanza: kano inahitaji kutengwa siku ngapi? Hukuandika. Mtu hawezi kusuka wavu bila kujua atavua nini.

—

TibaViungo_Iringa:

Kamwene. Hapo mwishoni naomba nijibu mimi, ndiyo kazi yangu ya kila siku, na mikono ya mashine za mbao naipokea mingi kutoka Mafinga na Kilolo.

Kano ya kukunja kidole ikishashonwa, mkono unakaa kwenye splinti wiki kama 6. Mazoezi ya kusogeza vidole, mepesi na ya kusaidiwa, tunaanza siku chache tu baada ya upasuaji kama mshono unaruhusu, maana kano isiyosogea inagandamana. Kazi nzito inasubiri mpaka wiki ya 12. Ugandamano unajijenga katika wiki hizo za kwanza. Kwa hiyo mimi ningekuomba utando unaokaa mzima wiki 4 bila kuchanika, ukipigwa na msuguano wa kano inayopita mbele na nyuma mara nyingi kwa siku. Baada ya hapo upungue. Ukikaa miezi sita umekuwa kitu kigeni kwenye njia nyembamba, na wenyewe utaleta kovu.

Na usiuzibe kabisa. Kano hapo kwenye kidole hulishwa kwa sehemu na ute unaoizunguka. Ukiifunga kama soseji itakosa chakula na haitaunga. Kumbuka pia kwamba kupima kwako kwa chupa ya maji ni kuvuta mara moja. Kano haivuti mara moja.

Sasa kuhusu kaka, maana nimesoma habari yake mara mbili. Alianza mazoezi lini? Na ukivikunja vile vidole wewe kwa mkono wako, yeye akiwa amelegeza, vinakunjika?

—

KijanaWaIyunga:

Dada asante sana. Hakuanza mapema. Alikaa na plasta wiki sita, nauli ya kurudi kila wiki hakuwa nayo, na hakuna aliyemweleza kwamba kusogeza ndiko kunakosaidia. Ndiyo, nikivikunja mimi vinakunjika mpaka karibu kugusa kiganja. Akiachiwa avikunje mwenyewe, haviendi.

—

TibaViungo_Iringa:

Hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani. Viungo vyenyewe viko huru, kilichoshikwa ni kano. Hali hiyo ina upasuaji wake wa kuachanisha kano na kovu, na kwa kawaida unafikiriwa mgonjwa akiwa ameshafanya mazoezi miezi 3 hadi 6 bila kusonga mbele. Yeye yuko mwezi wa tano tangu aumie lakini mazoezi yenyewe hajayafanya. Asikate tamaa. Aje kliniki ya fiziotherapia ya hospitali yoyote kubwa iliyo karibu naye, aanze sasa, na aombe kuonana na daktari wa upasuaji wa mifupa. Na baada ya upasuaji wa aina hiyo mazoezi huanza mara moja, hivyo apange nauli na mahali pa kulala kabla.

—

FundiVifaaTiba:

Mimi natengeneza mashine za hospitali huku Nyanda za Juu. Kijana, hujagusia kuua vijidudu, na siku moja utaulizwa. Utando wako hauyeyuki kwa joto kwa sababu ni wavu, hivyo otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) hautaugeuza umbo kama utando wa asidi laktiki, ambao hulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Lakini mvuke ni maji moto, na maji ndiyo yanayokata esta zako. Pima nguvu kabla na baada.

Kuna jambo moja la huku kwetu juu ambalo wengi hawalijui. Vitabu vinasema otoklevu ifike 15 psi (kipimo cha shinikizo) kwenye geji ili upate nyuzi 121. Hiyo ni usawa wa bahari. Geji inasoma kilichozidi hewa ya nje, na Mbeya, mita kama 1,700, hewa ya nje ni karibu 12 psi badala ya 14.7. Geji yako ikisoma 15 ndani una nyuzi 118 hivi. Ili ufike 121 unahitaji geji isome karibu 17.7, kama valvu ya usalama ya mashine yako inaruhusu. Amini kipimajoto, si mshale wa geji. Nimekuta mashine nyingi zinaendeshwa kwa namba ya Dar es Salaam.

Na hiyo mashine ya vifaranga, usiku umeme ukikatika mwezi huu wa sita umeangalia inashuka mpaka wapi?

—

KijanaWaIyunga:

Wakuu, nimerudi na majibu baada ya siku nane.

Fundi, niliamka saa kumi na moja alfajiri siku ambayo umeme ulikatika usiku. Kipimajoto ndani ya mashine kilisoma nyuzi 19. Chupa zilikuwa baridi mkononi. Sasa nimeweka daftari juu ya mashine, kila mwenye nyumba akiona umeme umekatika anaandika saa, na jirani amenipa blanketi la kuifunikia. Saa za baridi sizihesabu kwenye siku za jaribio.

Mwalimu MkulimaMkemia, nilichukua kipande cha gramu 2.00. Baada ya ethanoli mara tatu na kukausha siku nne, kimebaki gramu 1.52. Yaani 24% ilikuwa usipa. Nilikaa nikiangalia ile mizani muda mrefu, maana nilikuwa nimeshaandika sura nzima ya ripoti kuhusu kuoza kwa kasi. Nimeifuta. Kipande kilichofuliwa hakinati tena, ukikikunja kinarudi, na nimekirudisha kwenye bafa mpya ninayoibadilisha kila siku mbili. Siku ya tatu pH bado ni 7.3.

Fundi friji amenipa pampu kwa siku tatu. Mtego nimetengeneza kwa bomba la shaba lililopita kwenye ndoo ya barafu na chumvi. Trei ya pili ina unene wa milimita 0.3, uwiano ule ule wa kwanza, imeingia jana jioni kwenye sufuria nene ya chuma. Maji yanayokusanyika kwenye mtego nayapima pia, ili nijue lini nimepita 3.4.

Dada, nimeona kwamba kuvuta mara moja hakutoshi. Nimechukua mota ya wipa ya gari, nimefunga kipande cha kano ya ng'ombe kutoka machinjioni kipite ndani ya utando mbele na nyuma mara 20 kwa dakika, chini ya bafa. Nitahesabu mizunguko mpaka utando uchanike, kila wiki kwa wiki nne, kwenye vipande vilivyokaa na laipesi na visivyokaa nayo. Na utando nitautoboa matundu kwa sindano, kisha nilinganishe na usiotobolewa.

—

MkulimaMkemia:

Hapo sawa. Toboa kabla ya kupika mara ya mwisho, si baada, la sivyo kila tundu litakuwa mwanzo wa mchaniko. Na usimwekee mtu yeyote utando huo, hata kaka yako akikuomba kwa machozi. Kabla ya mkono wa binadamu kuna majaribio ya seli, kuna wanyama, kuna kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kuna TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ripoti yako ni tofali moja la chini kwenye ukuta huo.

—

KijanaWaIyunga:

Nimekuelewa mwalimu, na kaka nimemweleza hivyo hivyo. Ndaga fijo (asanteni sana) nyote.

Jumatatu ana kliniki. Analala kwangu Iyunga wiki mbili ili asikose siku. Jana usiku tulianza yale mazoezi mepesi ya kusaidiwa wakati tunasubiri pampu ipoe, kumi asubuhi na kumi jioni, na kidole cha kati kilisogea.